Maktaba Ilifunguliwa, Sisi Tukabaki Mlangoni

Wasee, nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza kuingia maktaba ya chuo sikuenda kutafuta kitabu. Nilienda kuchaji simu.

Na sikuwa peke yangu. Mafresha tulijaa mle na noti zetu za darasani, rafu zimesimama nyuma yetu kama ukuta tu. Zile namba za mgongoni mwa vitabu hatukujua ni za nini, na kuuliza tuliona haya.

Watu husema kizazi chetu ni kivivu. Labda. Lakini historia nayo ina mkono wake.

Maktaba ya McMillan pale Nairobi ilifunguliwa 1931. Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe. Ni jengo la nguvu, lina simba wa mawe mlangoni, lakini kwa miaka mingi ya ukoloni lilikuwa la Wazungu peke yao. Wakati huo Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni haingii bila kibali. Serikali iliona huku ni mahali pa kuficha watu, si pa kuleta vitabu. Kenyatta alifungwa Lokitaung, halafu 1959 akaletwa Lodwar.

Sheria ya kuunda huduma ya maktaba ya taifa ilikuja 1965. Ngamia wakaanza kubebea wafugaji vitabu kule Garissa 1996. Kwetu Kalemng'orok, shule niliyosoma ilikuwa na vitabu ndani ya sanduku la bati, na sanduku lilikuwa na kufuli. Sasa mtoto aliyekua akijua kitabu ni kitu cha kufungiwa, ukimpeleka kwenye rafu elfu moja ataanzia wapi?

Nilijifunza kwa kuumia. Tulipewa kazi kuhusu yule kijana wa Nariokotome, mifupa ya kale ya miaka kama milioni 1.5. Nikafungua ukurasa wa kwanza kwenye simu, nikaandika kwamba Richard Leakey ndiye aliyemwona. Dakika tano, kwisha. Karatasi ikarudi na wino mwekundu: "Nani amekuambia?"

Manze, niliumia. Ilibidi nimfuate mkutubi. Akanionyesha zile namba, nikakaa mchana mzima, nikapata. Aliyeona kipande cha kwanza cha fuvu, Agosti 1984, alikuwa Kamoya Kimeu, Mkenya, fundi wa kutafuta mifupa. Leakey na Alan Walker ndio waliongoza msafara. Mfupa umetoka kwetu Turkana, na mimi Mturkana nikamnyima mwenzangu jina lake kwa sababu ya haraka.

Kilichonichoma zaidi ni hiki: swali la mwalimu ndilo swali la babu yangu. Ukimwambia babu kuna nyasi upande wa pili wa mlima, hahamishi hata mbuzi mmoja. Atauliza: nani aliziona? Lini? Yeye mwenyewe, au aliambiwa? Halafu anatuma mtu akaangalie. Ukihama kwa uvumi, mifugo inakufa njiani. Mzee hajawahi kukanyaga darasa, lakini anajua kupima habari kuliko sisi wenye bando na akili bandia ya kutuandikia kila kitu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Cheti sina. Lakini ile jioni ya maktaba ninayo, na kila video ninayotengeneza naanza na swali la babu.

Tangu 2017 Lodwar ina chuo kikuu kishiriki chake. Kama unaripoti huko, au kwingine kokote, usiogope. Nenda kachaji simu, sawa. Ila ikiwa inachaji, inuka, mfuate mkutubi, mwambie, "Mimi ni mgeni, nionyeshe." Kufuli ilishatolewa.

Niambie kwa ukweli: mara ya kwanza kuingia maktaba ya chuo, ulienda kufanya nini?