Karata Mezani: Maneno Waliyotuachia Wareno

Historia ya Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki hufundishwa kwa mizinga. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kilwa na Mombasa zilishambuliwa na kuporwa mwaka 1505. Ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza mwaka 1593, na Waomani wakaiteka mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Tarehe hizi ni za kweli na ni lazima tuzijue. Hata hivyo, hazituelezi kwa nini watu waliokaa barazani jioni, wakicheka na kutaniana, wanatumia maneno ya Kireno bila kuwafikiria Wareno hata kidogo. Katika insha hii nitajaribu kuonyesha kwamba mchezo wa karata, ambao wengi huuona kuwa ni wa kupotezea wakati, ni ushahidi wa kihistoria. Nitaonyesha pia kwamba ushahidi huo unatuhusu hata sisi wa Uganda, ambao hatuna bahari.

Tuanze na maneno yenyewe. Karata ni carta ya Kireno. Aina zake nne katika Kiswahili ni kopa, uru, shupaza na pau. Kwa Kireno ni copas, ouros, espadas na paus. Turufu, yaani karata inayozishinda nyingine, ni trunfo. Karata zenye picha za watu zimeitwa wazungu, na jina hilo halihitaji maelezo.

Tukiyachunguza maneno haya tunaona kwamba yaliingia kwa sikio, si kwa kitabu. Mreno anapotamka espadas, s ya kwanza husikika kama sh, na ndiyo sababu tuna shupaza. Irabu o mwishoni mwa neno yeye huitamka kama u, na ndiyo sababu tuna uru na turufu, wala si uro na turufo. Aliyeyapokea maneno haya hakuwa karani aliyenakili waraka. Alikuwa mtu aliyekaa karibu na mchezaji, akasikia karata ikipigwa mezani na jina lake likitajwa kwa sauti. Hata neno meza ni la Kireno.

Jambo la pili ni kwamba majina hayalingani na picha. Karata ya kopa ina moyo, lakini copas maana yake ni vikombe. Shupaza ni panga, uru ni dhahabu, na pau ni rungu. Picha tunazozijua leo zilibuniwa Ufaransa katika karne ya 15, lakini majina ya Kireno yanatokana na karata za zamani zaidi. Karata hizo nazo zina asili katika Misri ya Wamameluki, ambako palikuwa na vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Miongoni mwa karata hizo za Misri palikuwa na mfalme, naibu wake na naibu wa pili. Mchezo ulipofika Italia uliitwa naibbe, na mwaka 1377 mji wa Florence ulitoa amri dhidi yake. Kwa hiyo naibu tunayemjua ofisini ni ndugu wa mchezo huu. Karata zilitoka Afrika, zikazunguka Ulaya, zikarudi Afrika kwa jahazi la watu wengine.

Mtu anaweza kupinga kwamba maneno haya huenda yaliletwa na Wagoa waliohamia Zanzibar na Mombasa katika karne ya 19, wala si na askari wa ngome. Pingamizi hilo lina uzito, kwa sababu neno la mkopo halibebi tarehe. Lakini halibadilishi hoja yangu. Awe askari, baharia au mpishi wa Kigoa, aliyefundisha alikuwa mchezaji, na aliyejifunza alitaka kucheza. Mizinga haikumlazimisha mtu yeyote kusema turufu.

Hapa ndipo Uganda inapoingia. Kwetu mchezo wa karata unaopendwa sana ni matatu. Kila mchezaji hupewa karata saba. Mbili humchotesha mwenzako karata mbili. Na saba ya aina iliyofunuliwa mwanzoni inaweza kukata mchezo ghafla, alama zihesabiwe, na mwenye chache ashinde. Jina la mchezo linasikika kama Kiswahili, lakini karata zenyewe tunaziita kwa Kiingereza. Katika bweni letu kuna mwenzetu kutoka Mombasa. Yeye hutaja shupaza, sisi tunatafuta karata anayoisema, naye anatucheka. Baada ya wiki mbili hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Jambo hili si dogo. Nchini kwetu Kiswahili kimebeba kwa muda mrefu sifa ya kuwa lugha ya askari, na wazee wengi bado wanakisikia kwa hofu. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Amri hiyo ni njema, lakini historia ya karata inatufundisha kwamba amri peke yake haitoshi. Wareno walitawala kwa nguvu, wakaondolewa kwa nguvu, na ngome yao leo ni jumba la makumbusho. Maneno yao ya mchezo yangali hai, hata magazetini, ambako kila uchaguzi wanasiasa huambiwa kwamba wamechanga karata zao au wametupa turufu yao.

Kwa kuhitimisha, lugha iliyokuja na bunduki inaweza kusamehewa ikipata nafasi ya kuchezewa. Walimu watufundishe ngeli, na serikali itoe miongozo. Nasi wanafunzi tuwafundishe wenzetu wa bwenini kusema kopa, uru, shupaza na pau, kwa sababu mtu anayeona karibu atashinda hasubiri kamusi.