Dkt Joyce Laboso: Binti wa Sotik aliyeongoza Bomet

DKT Joyce Cherono Laboso, gavana wa pili wa Kaunti ya Bomet, alizaliwa Novemba 25, 1960. Yeye, Charity Ngilu wa Kitui na Anne Waiguru wa Kirinyaga ndio wanawake wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini Kenya, katika uchaguzi wa Agosti 8, 2017.

Kazi yake ya awali ilikuwa ualimu. Alisomea Chuo Kikuu cha Kenyatta, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, na kufundisha lugha katika Chuo Kikuu cha Egerton.

Msiba ndio uliomwingiza ulingoni. Juni 10, 2008, ndege ndogo iliyombeba dadake Lorna Laboso, mbunge wa Sotik, pamoja na Waziri wa Barabara Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet, ilianguka Narok na kuwaua wote wanne waliokuwamo. Walikuwa safarini kwenda Kericho kwa ajili ya uchaguzi mdogo wa Ainamoi, uliofanyika siku iliyofuata. Septemba 25 mwaka huo, Joyce alitwaa kiti cha Sotik, naye Beatrice Kones, mjane wa waziri, akatwaa cha Bomet. Katika jamii ya Wakipsigis, ambako baraza tangu jadi lilikuwa la wazee wa kiume, hilo halikuwa jambo dogo.

Huruma ya matanga yaweza kumpa mtu muhula mmoja. Laboso alirejeshwa bungeni 2013, na wabunge wakamfanya Naibu Spika.

Kinyang'anyiro kikali kilikuja 2017, alipomkabili Gavana Isaac Rutto, kiongozi wa Chama Cha Mashinani. Mumewe Laboso ni Mjaluo, na wapinzani wakadai kuwa mwanamke aliyeolewa nje hana haki ya kuomba kura kwa wazazi wake, akazitafute Nyanza. Hoja hiyo ni upanga unaokata kuwili: asiyeolewa naye huambiwa hajawahi kuongoza hata jiko. Mwanamume aliyeoa kabila jingine haulizwi lolote. Laboso aliendelea kujiita kwa jina la babake, na wapigakura, wengi wao wakulima wadogo wa majani chai na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wakamchagua kwa tiketi ya Jubilee.

Hakutimiza miaka miwili ofisini. Baada ya kutibiwa saratani London na India, alifariki jijini Nairobi Julai 29, 2019, siku tatu tu baada ya mbunge wa Kibra, Ken Okoth, kuuawa na maradhi yayo hayo.

Bomet ilimuaga kwa ibada, kisha Agosti 3 akazikwa nyumbani kwa mumewe, Fort Ternan, Kaunti ya Kisumu. Naibu wake, Dkt Hillary Barchok, aliapishwa kuwa gavana Agosti 8.