Nani alipwe kwa damu yake?

Wasomaji wa historia ya Tanganyika huenda wamelikuta jina la Richard Titmuss wakalipita tu. Ndiye aliyeongoza wataalamu wa Uingereza walioandika ripoti ya huduma za afya za Tanganyika, iliyotoka 1964 ikihimiza kinga na vituo vya afya vijijini kuliko kuendelea kumimina fedha kwenye hospitali za mijini. Hakuwa daktari. Hata shahada hakuwa nayo: aliacha shule akiwa kijana mdogo, akafanya kazi katika kampuni ya bima, na mwaka 1950 London School of Economics ikampa uprofesa kwa nguvu ya maandishi yake. Mwaka 1970 alichapisha kitabu kuhusu damu, The Gift Relationship. Hicho ndicho kilichowagombanisha wanauchumi na wanafalsafa, na ugomvi wenyewe haujaisha.

Aliyemchokoza ni Institute of Economic Affairs, taasisi ya London inayoamini soko huria. Mwaka 1968 ilitoa kijitabu kilichouliza kwa nini damu isinunuliwe na kuuzwa ikiwa hospitali zinaihitaji na wapo walio tayari kuiuza. Swali halikuwa la kipuuzi. Uingereza, hata hivyo, ilikuwa na desturi yake.

Oktoba 1921 Hospitali ya King's College, kusini mwa London, iliomba tawi la Msalaba Mwekundu la Camberwell mtu wa kutoa damu upesi. Katibu wa tawi, Percy Lane Oliver, mtumishi wa halmashauri, alikwenda na wenzake kadhaa, na damu iliyofaa ikawa ya muuguzi mmoja kati yao. Makundi ya damu yalikwishagunduliwa na Karl Landsteiner huko Vienna mwaka 1901, kwa hiyo kupima kuliwezekana. Kilichokosekana ni orodha ya watu, na Oliver akaitengeneza. Yeye na mkewe walitunza kadi za wachangiaji nyumbani kwao. Hospitali ikipiga simu, wanamtafuta mwenye kundi linalotakiwa, naye anakwenda bila kulipwa. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba hakina mahubiri. Kina kadi na simu.

Marekani ilishika njia nyingine. New York ilikuwa na watoaji damu wa kulipwa tangu miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1960 sehemu ya damu ya nchi ile ilitoka kwa wafungwa na mafukara wa mitaani, waliouza kwa dola chache. Titmuss aliona hatari mbili hapo. Mwenye njaa ana sababu ya kuficha kwamba aliwahi kuugua homa ya ini, kwa kuwa akisema kweli anakosa pesa. Anayetoa bure hapotezi kitu akisema. Ndiyo maana alidai kuwa soko la damu huvuta damu yenye maradhi. Hatari ya pili ni ya kimaadili: palipo na bei, hata yule aliyekuwa akitoa kwa moyo wake huona kitendo chake kimeshuka hadhi, akaacha.

Kenneth Arrow, mwanauchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1972, alimjibu mwaka huohuo. Kuruhusu watu wauze, alihoji, kunamzuiaje mtu mwingine kutoa bure? Njia zimeongezeka, hakuna iliyozibwa. Tena aliuona wema kuwa rasilimali adimu isiyofaa kutumiwa ovyo: penye kazi inayoweza kufanywa na maslahi binafsi, yaachwe yaifanye. Mwaka 1973 mwanafalsafa Peter Singer akaingia upande wa Titmuss. Pale damu isiponunulika, alieleza, mgonjwa anategemea hisani ya asiyemjua, na zawadi yangu haina mbadala. Ikishakuwa bidhaa, zawadi ileile imegeuka kuwa sawa na kumpunguzia mtu gharama. Kwangu mimi, Arrow aliteleza pale alipouhesabu wema kama mafuta ya taa kwenye kibatari, kwamba ukiwasha sana yataisha. Aliyezoea kuchangia damu ndiye anayerudi.

Kisha ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa hemofilia, ambao damu yao haigandi ipasavyo, walikuwa wakitibiwa kwa dawa iliyotengenezwa kwa kuchanganya plazma ya maelfu ya watu, na Uingereza iliagiza sehemu kubwa ya dawa hiyo kutoka Marekani, ambako plazma ilinunuliwa, hata magerezani. Ripoti ya uchunguzi wa Sir Brian Langstaff, iliyotolewa Mei 2024, ilieleza kwamba zaidi ya watu 30,000 nchini humo waliambukizwa virusi vya Ukimwi au homa ya ini kupitia damu na mazao yake, na takriban 3,000 wakafa. Titmuss alikufa 1973, hakuyashuhudia.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumpa ushindi. Lakini Ufaransa, ambako damu ilitolewa bure, nayo ilipata kashfa yake, na sehemu ya damu iliyoleta maafa ilikusanywa magerezani kwa wafungwa wasiolipwa hata senti. Mkuu wa kituo cha taifa cha damu alifungwa. Moyo mweupe wa mtoaji haukutosha kusafisha kilichomo kwenye chupa. Kazi hiyo ilihitaji vipimo, na wakubwa wasioficha matokeo.

Hata hoja ya pili ya Titmuss imepata majibu mawili. Utafiti uliofanyika Gothenburg, Sweden, ukachapishwa 2008, uliona kuwa kati ya wanawake walioahidiwa kronor 50 ni asilimia 30 tu waliokuwa tayari kuchangia, wakati wasioahidiwa kitu walifika asilimia 52. Waliporuhusiwa kuielekeza pesa hiyo kwenye hisani, wakarudi juu. Wanaume hawakuonyesha tofauti ya maana. Lakini mwaka 2013 watafiti wengine waliandika katika jarida la Science kwamba vivutio vidogo, kama kadi za manunuzi, vimeongeza wachangiaji katika mazingira halisi bila kuharibu usalama wa damu.

Afrika Mashariki tunaingia mjadala huu kwa mlango mwingine. Arrow na Singer walibishana kana kwamba yupo muuzaji na yupo mfadhili, basi. Hospitali zetu zinamjua wa tatu: ndugu wa mgonjwa, anayeambiwa alete watu warudishie damu iliyotumika. Huyo hauzi, wala hamtolei asiyemjua. Anatimiza wajibu, tena chini ya shinikizo. Asiyekuwa na ukoo mjini ndiye anayejaribiwa kumlipa kijana pembeni na kumwita binamu.

Na wema kwa wageni upo, usisingiziwe kuwa hatuna. Baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu walipanga foleni ndefu Uhuru Park kuchangia. Siku za kawaida, magari ya kukusanya damu hufuata wanafunzi wa sekondari na vyuo, ambao wamekuwa mhimili wa uchangiaji wa hiari. Shule zikifungwa, akiba hushuka. Si kwamba wanafunzi hao wakienda likizo wanageuka wachoyo. Mtaani kwao gari halifiki.