Sinema Isiyo na Msemaji

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, imeandikwa habari nyingi. Burton na Speke walifika Kazeh, mahali pa Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857. Na vitabu vya wasafiri wa zama hizo vimejaa hesabu za pembe, nguo na siku za mwendo. Wanawake wa Kinyamwezi, waliofuatana na wapagazi au waliobaki nyumbani wakilima na kutwanga, hutajwa kwa uchache. Kazi yao ilirudiwa kila siku, na jambo la kila siku halimshangazi mgeni.

Sinema nayo ilipoingia Tanganyika ilikuwa na upungufu wake. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la sinema za mafundisho, makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Picha zilitembezwa katika Tanganyika na nchi za jirani, na maneno yake yalitoka katika sahani za santuri. Mtu alionekana akifanya kazi, na sauti ya mwingine ikamsemea.

Mwaka 1992 Flora M'mbugu-Schelling, mwanamke wa Tanzania, alitoa picha ya dakika 45 iitwayo These Hands, yaani “Mikono Hii”. Mahali pake ni machimbo ya mawe ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam. Watu wake ni wanawake, wakimbizi wa Msumbiji, wanaoponda mawe kwa nyundo yawe kokoto. Msemaji hayumo. Nyundo hupanda na kushuka, mawe hulia, na baadaye huja nyimbo na ngoma.

Huko Ubelgiji, Chantal Akerman alikuwa ametangulia kushika njia iliyo karibu na hiyo. Picha yake Jeanne Dielman, ya mwaka 1975, yaonyesha kwa muda uzidio saa tatu siku tatu za mjane wa Brussels, apikaye na kumenya viazi. Mjane yule yu peke yake chumbani; wale wa Kunduchi ni wengi, walakini kila mmoja ana jiwe lake mbele yake. Katika picha zote mbili mtazamaji hulazimika kukaa na kazi mpaka auone uzito wake.

Yawezekana kusema kwamba kunyamaza nako huficha, kwani mtazamaji haelezwi vita vilivyowafukuza wanawake hao kwao. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini maelezo hupatikana kwingine. Muda wa kuitazama mikono ya mtu bila kuharakishwa ni adimu.

Mwanahistoria wa Unyanyembe hana picha ya mwanamke wa 1857 akitwanga. Alilo nalo ni swali la kuuliza kila asomapo hesabu ya mizigo: ni nani aliyewapikia walioibeba?