Istilahi za mfumo wa uendeshaji na mifumo iliyosambaa

Istilahi za mfumo wa uendeshaji na mifumo iliyosambaa ni maneno ya kitaalamu ambayo watengenezaji wa programu huyatumia kueleza mambo mawili: jinsi kompyuta moja inavyogawa vifaa vyake kwa programu nyingi, na jinsi kompyuta nyingi zilizounganishwa zinavyofanya kazi moja kwa pamoja. Katika Kiswahili maneno hayo ni ya aina tatu: maneno ya kawaida yaliyopewa maana mpya (kiini, uzi, kufuli), maneno yaliyoundwa (tarakilishi, baobonye) na maneno yaliyokopwa (seva, nodi, faili).

Makala hii inaeleza istilahi za msingi, kisha inaonyesha matumizi yake kwa mfano wa malipo ya simu kati ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, Tanzania.

## Historia

Nchini Tanzania, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na usanifishaji wa istilahi ni mojawapo ya kazi zake. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo tangu 2009 ni sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), ilichapisha kamusi za jumla na za fani mbalimbali.

Hatua kubwa kwa lugha ya kompyuta ilikuwa mradi wa Kilinux, uliofanyika katika chuo hichohicho. Mradi huo ulitafsiri programu huria kwa Kiswahili, na mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Baadaye kidogo Microsoft nayo ilitoa Windows na Office kwa Kiswahili.

Kwa kuwa kazi hizo zilifanywa na makundi tofauti, kitu kimoja mara nyingi kina majina mawili au matatu. Watanzania wengi husema kompyuta, ilhali vitabu vya Kenya hutumia zaidi tarakilishi. Neno ngamizi nalo lilipendekezwa. Vilevile kuna kipanya na puku, kibodi na baobonye.

## Istilahi za mfumo wa uendeshaji

Mfumo wa uendeshaji, au mfumo endeshi, ni programu inayosimamia vifaa vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kuvitumia. Mifano ni Windows, Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na Android, ambayo hutumia kiini cha Linux na huendesha simu janja nyingi za Afrika Mashariki.

* Kiini, au kerneli, ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, yenye mamlaka juu ya prosesa, kumbukumbu na vifaa vingine.
* Mwito wa mfumo ni ombi ambalo programu hupeleka kwa kiini, kwa mfano kufungua faili au kutuma data.
* Mchakato ni programu iliyo kazini. Programu iliyolala kwenye diski si mchakato. Huwa mchakato inapoanza kuendeshwa. Programu moja inaweza kuwa na michakato mingi kwa wakati mmoja.
* Uzi ni mfuatano mmoja wa kazi ndani ya mchakato. Nyuzi za mchakato mmoja hutumia kumbukumbu ileile, hivyo zinaweza kuharibiana data zisiposimamiwa.
* Upangaji wa zamu ni kazi ya kiini ya kuamua ni uzi upi utumie prosesa, na kwa muda gani.
* Kufuli ni njia ya kuzuia nyuzi mbili kubadilisha data moja kwa wakati mmoja. Anayetaka kuibadilisha hushika kufuli, hufanya kazi yake, kisha huliachia.
* Mkwamo hutokea michakato miwili inapongojeana bila mwisho, kila mmoja ukiwa umeshika kitu anachohitaji mwenzake. Ni kama malori mawili yaliyokutana katikati ya daraja jembamba, kila dereva akimsubiri mwenzake arudi nyuma.

## Istilahi za mifumo iliyosambaa

Mfumo uliosambaa ni kundi la kompyuta zinazowasiliana kwa kutumiana ujumbe na kumhudumia mtumiaji kana kwamba ni kompyuta moja. Kila kompyuta katika kundi huitwa nodi. Tofauti yake kubwa na kompyuta moja ni kwamba nodi moja inaweza kuharibika huku nyingine zikiendelea, na nodi iliyotuma ujumbe bila kujibiwa haiwezi kujua mara moja kama mwenzake amekufa, amechelewa, au amejibu na jibu likapotea njiani.

* Seva ni programu au kompyuta inayotoa huduma. Mteja ni programu inayoiomba.
* Itifaki ni kanuni za mazungumzo kati ya nodi.
* Nakala ni data ileile iliyowekwa kwenye nodi zaidi ya moja ili isipotee.
* Mgawanyiko wa mtandao ni hali ya nodi zilizo hai kushindwa kuwasiliana.
* Mwafaka ni hali ya nodi kukubaliana juu ya jambo moja hata baadhi yao zikiharibika.
* Saa mantiki, iliyoelezwa na Leslie Lamport mwaka 1978, hupanga matukio kwa kufuata lipi lingeweza kusababisha lipi, kwa kuwa saa za kawaida za nodi hazilingani kikamilifu.
* Muamala ni kundi la hatua zinazokamilika zote au zisifanyike kabisa.

Mwaka 2000 Eric Brewer alitoa hoja, iliyothibitishwa kihisabati na Seth Gilbert na Nancy Lynch mwaka 2002, kwamba mtandao unapogawanyika mfumo hulazimika kuchagua: kuendelea kujibu maombi yote huku nakala zikiweza kutofautiana, au kukataa baadhi ya maombi ili data ibaki sahihi.

## Mfano: malipo kati ya Mbulu na Hanang

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kuanzia 2014 kampuni za simu za Tanzania zilianza kuunganisha huduma zao, hivyo pesa zikaweza kutoka kampuni moja kwenda nyingine.

Tuseme mfugaji wa Mbulu ameuza ng'ombe mnadani Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang, na mnunuzi anamlipa kwa simu. Hata simu ya kitochi inatosha. Ombi hupita kwenye mnara wa simu hadi kwenye seva, ambazo huweza kuwa mamia ya kilomita kutoka mnadani. Kupunguza salio la mnunuzi na kuongeza la mfugaji ni muamala mmoja. Salio hufungwa kwa kufuli ili pesa zilezile zisitumike mara mbili, na matokeo huandikwa kwenye nakala kadhaa.

Ugumu huanza pale ujumbe wa uthibitisho usipofika. Huenda ombi halikufika, au malipo yamefanyika na jibu ndilo lililopotea. Seva zinaporudia ombi kati yao, hutumia namba ileile ya muamala, na seva inayoikuta namba hiyo imeshashughulikiwa hailipi tena. Sifa hiyo huitwa urudiaji salama. Lakini mtu akianza malipo upya kwenye simu yake, mfumo huweza kuyahesabu kuwa muamala mpya wenye namba nyingine. Ndiyo maana ni busara kuangalia salio kabla ya kurudia.

## Utata wa maana

Neno mtandao lina mzigo mkubwa kuliko mengine. Katika mazungumzo ya kila siku humaanisha intaneti, kampuni ya simu, na hata nguvu ya mawimbi. Wakala akisema "mtandao unasumbua", huenda simu yake imekosa mawimbi, seva imezimika, au majibu yanachelewa. Kwa mtengenezaji wa programu hayo ni makosa matatu yenye tiba tofauti: mgawanyiko, kifo cha nodi na ucheleweshaji. Ujumbe wa skrini unaosema "tatizo la mtandao" bila kueleza kama muamala umefutwa au bado unasubiri unaweza kumfanya mtumiaji alipe mara mbili.

Kumbukumbu nalo hutumika kwa sehemu ya kompyuta inayoshika data za kazi inayoendelea, kwa rekodi iliyohifadhiwa, na katika kutaja namba ya malipo. Mteja kwa kawaida ni mtu anayenunua, lakini katika mifumo iliyosambaa ni programu.

Utata huu una uzito zaidi pale Kiswahili si lugha ya kwanza. Katika Mbulu na Hanang watu wengi huzungumza nyumbani Kiiraqw, lugha ya Kikushi, au Kidatoga, lugha ya Kiniloti. Wanafunzi wa shule za msingi za serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Kwao istilahi yenye picha inayoonekana, kama kufuli au mkwamo, hueleza sehemu ya dhana kabla ya mwalimu kuanza kufafanua.