Kuzoa taka Ziwa Nakuru: Kazi ya kujitolea inayoanzia mitaroni

ZIWA Nakuru halina mto unaotoka. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit humwaga maji humo, na mvua inaponyesha mitaro ya mji huongeza yake. Maji hayo hupungua hasa kwa kugeuka mvuke chini ya jua la Bonde la Ufa. Chupa ya plastiki haigeuki mvuke. Ikishaingia ziwani, hubaki humo au hutupwa ufuoni, mpaka mtu ainame na kuiokota.

Ziwa hili lilianza kulindwa kama hifadhi ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka wa 1968 likawa mbuga ya taifa. Mwaka wa 1990 lilikuwa eneo la kwanza la Kenya kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda maeneo ya ardhioevu. Mwaka wa 2011, pamoja na Bogoria na Elementaita, lilitambuliwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia.

Sifa zake zililetwa na heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao huinamisha kichwa juu chini na kuchuja mwani kwa mdomo. Maji yalipofurika kuanzia miaka ya 2010, magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Ziwa lililokuwa na ukubwa wa kilomita mraba 40 hivi lilizidi 60, likameza barabara na lango kuu la zamani. Migunga iliyokufa majini sasa ni viota vya minandi, nao mwari huvua samaki karibu yake.

Mafuriko hayo yalisogeza ufuo karibu zaidi na mitaa ya watu, na taka nazo zikapata safari fupi. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na tangu Juni 5, 2020, mgeni haruhusiwi kuingia mbugani na chupa ya maji ya plastiki inayotumika mara moja. Askari wa lango humpokonya mtalii chupa moja, huku mvua ya usiku mmoja ikipitisha nyingine tele chini ya ua bila kukaguliwa.

Anayetaka kujitolea hawezi kujiingilia tu. Mbuga hii ina vifaru, nyati na simba, kwa hivyo ni sharti kikundi kipate idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na kuandamana na askari. Vifaa si vingi: gambuti, glavu nene, reki na magunia yanayoweza kufuliwa na kutumiwa tena. Vioo na sindano haviokotwi kwa mkono, hata wenye glavu.

Aidha, si kila kinachoonekana kuwa uchafu ni taka. Matawi makavu, matete na magugu yaliyooza ni maficho ya vifaranga na samaki wadogo, na mwenye bidii ya kupita kiasi anaweza kuleta hasara kuliko chupa alizoziacha. Ndege akionekana ameatamia, kikundi hupinda njia. Aliyenaswa na uzi wa plastiki mguuni huachiwa askari, kwani kumfukuza ili kumwokoa huweza kumvunja mguu.

Hata hivyo, kazi yenye faida zaidi hufanywa nje ya ua. Chupa iliyozolewa mtaroni ingali kavu na nyepesi, na wanunuzi wa plastiki huikubali. Ikishalala kwenye matope ya ziwa huwa nzito na chafu, na mara nyingi mwisho wake ni jaa la Gioto, lililoko kwenye miteremko ya Menengai juu ya mji. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Kikundi kinachobeba magunia ya aina mbili huwa kimeitii sheria hiyo palepale mtaroni.

Sherehe nyingi za usafi hupangwa Februari 2, Siku ya Ardhioevu Duniani. Siku hiyo huvuta wageni waheshimiwa na wapiga picha, na si vibaya. Lakini mitaro haifuati kalenda ya sherehe. Wiki za mwisho kabla ya mvua ya masika, yaani mwezi wa Machi, ndizo zinazookoa zaidi, kisha Oktoba kabla ya vuli. Vikundi makini huhesabu pia walichookota, aina kwa aina na mtaro kwa mtaro, kabla ya kufunga magunia. Hesabu hiyo ndiyo huonyesha ni mtaro gani unaohitaji wavu wa kunasa taka, na ombi la wavu hupelekwa kwa serikali ya kaunti likiwa na takwimu mkononi.