Gobori, gumegume, fataki: kuzitaja sawasawa bunduki za kushindilia

gobori nm [li-/ya-] bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni mwa mtutu. Pia huandikwa *gobore*. Katika magazeti ya Tanzania hutokea pia *gobole*.

Maana na mipaka yake

Neno *gobori* hueleza jambo moja tu: bunduki hujazwa kwa mbele. Halielezi moto huwashwaje, wala mtutu ni laini ndani au una michirizi ya mzunguko, wala bunduki ilitengenezwa kiwandani au kwa mhunzi wa kijijini. Msomaji wa leo, aliyezoea habari za majangili, hudhani kwamba kila gobori ni silaha ya kienyeji. Dhana hiyo haifai kwa maandishi ya karne ya 19, kwani magobori mengi yaliyobebwa na misafara kutoka pwani yalitoka katika viwanda vya Ulaya.

Aina tatu zisizopaswa kuchanganywa

1. *Bunduki ya gumegume*. Gumegume ni jiwe gumu litoalo cheche. Likiwa limebanwa kwenye mtambo, hugonga kipande cha chuma. Cheche huangukia baruti kidogo iliyomo kifani, na moto hupenya tunduni hadi ndani ya mtutu. Baruti ya kifani ikilowa, bunduki hailii. Katika matumizi ya sitiari, gumegume ni mtu asiyefaa.

2. *Bunduki ya fataki*. Fataki ni kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kikigongwa. Huvikwa juu ya chuchu yenye tundu, na nyundo ya mtambo huipiga. Bunduki hii nayo ni gobori, kwa kuwa baruti na risasi bado hushindiliwa mdomoni. Bunduki ya Enfield ya 1853 ni ya aina hii, ingawa mtutu wake una michirizi.

3. *Bunduki ya viasi*. Kiasi ni risasi na baruti yake vikiwa vimefungwa pamoja kwa kipimo. Bunduki za viasi zilizoenea baada ya 1860, kama Snider ya Waingereza na Mauser ya 1871 ya Wajerumani, hujazwa kwa nyuma. Hizi si magobori, hata zikiwa kuukuu namna gani.

Maneno yanayompotosha msomaji

Maneno mengi ya bunduki za kale yangali hai, lakini yamehamia kwingine. *Fataki* leo ni milipuko ya rangi ya usiku wa sherehe. *Kiasi* ni kadiri ya kitu. *Mtambo* ni mashine kubwa. Mwanafunzi akisoma katika maandishi ya zamani kwamba wapagazi waligawiwa fataki, asifikirie sherehe. Akisoma kwamba viasi viliwaishia, asitafute kilichopimwa: risasi zilikuwa zimekwisha. *Risasi* yenyewe ni jina la madini, na maana hiyo ingali inatumika.

*Kifa* lahitaji uangalifu zaidi. Katika bunduki ya gumegume ni kibakuli cha kutilia baruti ya kuwashia. Katika bunduki ya fataki ni ile chuchu inayovikwa fataki. Mfasiri aamue aina ya bunduki kwanza, ndipo alifasiri neno. *Mdeki*, yaani ufito wa kushindilia, hauna utata: ukitajwa ukitumika kujaza silaha, bunduki hiyo ni gobori.

Kwa nini tofauti hizi zina uzito

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki na baruti katika eneo kubwa la Afrika, baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Ulitoa ruhusa ya pekee, kwa masharti, kwa bunduki za gumegume zenye mtutu usio na michirizi na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Mfasiri akiandika kwamba mkataba uliruhusu “magobori”, atakuwa ameingiza ndani ya ruhusa bunduki za fataki na zile zenye michirizi, ambazo mkataba ulizizuia. Neno moja pana mno linageuza sheria iliyokusudiwa kuwaachia Waafrika silaha dhaifu tu, na msomaji hataona tena nia hiyo.

Vivyo hivyo kwa Vita vya Maji Maji, 1905–1907. Kusema kwamba “pande zote mbili zilikuwa na bunduki” si uongo, lakini kunaficha kiini cha habari. Wapiganaji wengi waliokuwa na bunduki walikuwa na magobori, ambayo baada ya kila mlio hutaka baruti, risasi na mdeki upya. Askari wa Wajerumani walikuwa na bunduki za viasi pamoja na bombom.

Halisi, bandia, nakala, iliyogeuzwa

Waandishi wa maelezo ya makumbusho huliweka neno *bandia* mahali lisipostahili. Kitu ni *bandia* pale kilipotengenezwa ili kudanganya. Bunduki mpya iliyoundwa kwa mfano wa ya kale, na kuuzwa kwa jina hilo, ni *nakala*. Gobori la mhunzi wa kijijini ni kitu *halisi* cha mahali pake na wakati wake.

Katikati ya karne ya 19 bunduki nyingi za gumegume *ziligeuzwa* kuwa za fataki. Badiliko hilo ni sehemu ya historia yake, na bunduki inabaki halisi. Lakini baadhi ya wauzaji wa siku za baadaye *walizirejesha* kwenye gumegume ili zipate bei; matundu yaliyozibwa na vipande visivyolingana uchakavu huwafichua. Muhuri pekee si ushahidi wa kutosha: neno TOWER na taji la Uingereza viliigwa pia kwenye bunduki za biashara zilizotengenezwa Ubelgiji.

Mifano ya matumizi

Si sahihi: *Gobori la Mauser la 1871.*
Sahihi: *Bunduki ya viasi ya Mauser ya 1871.*

Si sahihi: *Bunduki bandia iliyofuliwa na wahunzi wa kienyeji.*
Sahihi: *Gobori la kienyeji, kazi ya wahunzi.*

Haitoshi: *Bunduki ya kale ya gumegume.*
Bora: *Gobori la gumegume, lililogeuzwa kuwa la fataki na kurejeshwa baadaye.*

Pale ambapo maandishi ya asili hayatoi dalili ya mtambo wala ya namna ya kujaza, mfasiri atumie *bunduki* peke yake. Neno hilo halidai lisilojulikana.